Rafu Imara Katika Shubaka la Ukuta

Rafu yetu ya kwanza tuliishikiza kwa misumari iliyoishia katika lipu. Usiku mmoja ilianguka na vitabu vyote, pale pale alipokuwa akicheza mtoto jioni ile. Tangu hapo twafanya hivi.

Kwanza, tupige mstari kwa pimamaji katika kuta tatu za shubaka. Pili, tukate vipande vitatu vya mbao ya inchi 2 kwa 1, kimoja kwa kila ukuta. Vya pembeni visitokeze mbele ya rafu. Tatu, tutoboe kwa keekee kupita lipu hadi ndani ya tofali, tutie plagi, ndipo tukaze skrubu. Nne, tupime upana wa nyuma, kisha wa mbele, maana kuta hazilingani sana. Tukate ubao, tuulaze juu ya vile vipande na kuukaza. Mwisho, tupigilie mbele ubao mwembamba unaoshuka hadi kuvificha.

Mgeni hataona kinachoibeba rafu. Sisi tutajua: ni ukuta wenyewe, wala si lipu. Watoto na wacheze.