Folda Ikikukatalia, Usikimbilie Kufomati

Likizo iliyopita nilishuka kwenye gari Lagangabilili saa kumi jioni, na kabla hata sijanawa vumbi la safari mjomba akanishika mkono hadi chumbani kwake, palipo kompyuta ya mezani. "Mjomba, wewe si uko chuo kikuu? Hebu itazame hii, inanikatalia." Nikamjibu kwamba mimi nasomea ualimu, kompyuta nilisoma semesta moja tu tena kwa mbali. Akasema chuo ni chuo, kaa hapo.

Kwenye diski D kulikuwa na folda moja imeandikwa PAMBA. Mjomba ni katibu wa AMCOS ya kijiji, na msimu mzima wa pamba alikuwa anaingiza humo majina ya wakulima, kilo walizopima, nani amelipwa na nani bado. Stakabadhi za karatasi zipo, ila orodha iliyolinganishwa, ile inayoonyesha nani anadai nini, ilikuwa humo tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wanachama, na wewe kama unawajua wakulima wa pamba wanaodai hela yao, huwezi kusimama mbele yao ukasema kompyuta imekataa. Watakuuliza kompyuta ndiyo iliyobeba robota?

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kompyuta ilikuwa inakwenda polepole, akaipeleka kwa fundi, fundi akapiga Windows upya. Diski D hakuigusa. Mjomba akarudi nayo, akaiwasha, akaona folda yake ipo, akabofya mara mbili, ukaja ujumbe wa Kiingereza. Akampigia fundi. Fundi akasema hiyo folda imekufa, ilete tufomati D iwe safi.

Hapo ndipo nataka tuelewane, wanachuo wenzangu, maana nimeona mtu analia pale hosteli kwa jambo hilohilo na ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha. Folda haikuwa imekufa. Iko hai, ina kila kitu, ila haimtambui anayebisha hodi. Kuifomati ni sawa na kuchoma nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilibofya kulia kwenye folda, nikafungua "Properties", nikaona pale chini kisanduku cha "Read-only" kina alama. Nikajua nimepata. Nikaondoa alama, nikabonyeza OK, nikafungua tena: alama imerudi. Nikaondoa, ikarudi. Nusu saa nzima, mjomba amesimama nyuma yangu anasema "eehe" kila nikibonyeza. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kile kisanduku kwenye folda hakina maana tunayodhani. Alama ya kusoma tu ni ya mafaili, na ilianza zamani za DOS, miaka ya 1980. Kwa folda, Windows inaitumia kwa mambo yake ya ndani, kujua kama folda ina mwonekano maalumu kama picha au ikoni tofauti. Ndiyo maana kinaonekana kimejazwa mraba badala ya tiki, na ndiyo maana kinarudi. Ukikiondoa unabadilisha mafaili yaliyomo tu, folda yenyewe haijali. Kwa hiyo kama folda haifunguki, achana na kisanduku hicho kabisa, umaliziwe muda bure.

Tatizo lilikuwa kwenye kichupo cha jirani, "Security". Humo badala ya jina la mjomba kulikuwa na maneno "Account Unknown" na namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Hiyo namba ndiyo habari yote.

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, kompyuta nyingi za nyumbani zinatumia mfumo wa diski unaoitwa NTFS, ambao ulitoka na Windows NT mwaka 1993 kwa ajili ya maofisi. Mfumo huu huandika kwenye kila faili na kila folda nani mmiliki na nani ana ruhusa ya kufanya nini. Lakini hauandiki jina, unaandika namba. Fikiria NIDA. Huku Simiyu ukiita "Masanja!" sokoni wanageuka watu kumi, ndiyo maana serikali haikutambui kwa jina, inakutambua kwa ile namba ya tarakimu 20. Windows ni vivyo hivyo. Kila akaunti inapotengenezwa inapewa namba yake, na Windows ikipigwa upya, hata ukiandika jina lilelile na nywila ileile, namba inakuwa mpya. Kwa macho ya kompyuta mjomba wa zamani alishaondoka, na huyu aliyekaa kwenye kiti ni mgeni mwenye jina linalofanana.

Sasa utauliza, mbona watu wengi wanapiga Windows na folda zao za D zinafunguka kama kawaida? Kwa sababu kwa kawaida folda iliyoko D inarithi ruhusa za diski, na diski inaruhusu kila mwenye akaunti kwenye kompyuta ile. Nikamuuliza mjomba kama kuna mtu aliwahi kuchezea folda hii. Akafikiri, akacheka. Mwaka juzi watoto walikuwa wanaingia humo wakitafuta magemu, akamwomba kijana mmoja amfungie wasiweze kuifungua. Kijana aliondoa majina yote kwenye ruhusa, likabaki la mjomba peke yake. Kufuli lilifanya kazi vizuri mno.

Dawa yake ni kuchukua umiliki. Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya usimamizi wa kompyuta. Bofya kulia kwenye folda, "Properties", "Security", kisha "Advanced". Juu kabisa utaona "Owner", bonyeza "Change" pembeni yake, andika jina la akaunti yako ya sasa, bonyeza "Check Names" uhakikishe limekubaliwa, kisha OK. Kitatokea kisanduku cha kubadilisha mmiliki wa vyote vilivyomo ndani, "Replace owner on subcontainers and objects". Kiwekee tiki, wengi wanakiruka halafu wanalalamika folda imefunguka ila mafaili yanakataa. Funga madirisha yote ya folda hiyo, ufungue upya, rudi "Security", sasa jiongeze jina na ruhusa kamili.

Ukiona vichupo vinakuchosha, fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika mistari miwili hii, mmoja baada ya mwingine:

takeown /f "D:\PAMBA" /r /d y

icacls "D:\PAMBA" /reset /t

Wa kwanza unakufanya mmiliki wa folda na kila kilichomo. Wa pili unafuta ruhusa zote za zamani na kuiambia folda irithi zile za diski. Badilisha jina la folda liwe la kwako, na usisahau alama za nukuu kama jina lina nafasi katikati. Kwa mjomba ilichukua chini ya dakika moja. Orodha za majina zikaanza kutiririka kwenye skrini, na mzee wa watu akakaa kitandani akashika kichwa.

Mipaka yake ni hii. Usifanye hivyo kwenye folda ya Windows au Program Files, wala kwenye diski C nzima, hata kama kuna mtu kakwambia "inafanya kompyuta iwe nyepesi". Zile ruhusa ndizo zinazozuia kirusi kuandika kinapotaka, na zikivurugika hata masasisho yanaanza kugoma. Pili, kuchukua umiliki hakufungui kilichosimbwa. Kama ikoni ya faili ina kikufuli kidogo, maana yake faili lilisimbwa kwa ufunguo uliokuwa ndani ya akaunti ya zamani, na ufunguo ukiondoka na Windows ya zamani bila nakala, hakuna fundi wala mwanachuo atakayelisoma. Diski inayodai ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker nayo ni hivyo, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kufanya lolote. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi KABLA hajapiga Windows ni kama diski imesimbwa, na nakala iko wapi. Na kama kazi zako zilikuwa C na fundi hakufomati, tazama haraka ndani ya folda ya C:\Windows.old. Kwa Windows 10 na 11 huwa inafutwa yenyewe baada ya siku 10 hivi.

Tulipoingia PAMBA kulikuwa na kero ndogo: faili moja la Excel lilifunguka ila juu yake limeandikwa "Read-Only", halikubali kuhifadhi. Hapa napo watu wanakimbilia kusema kirusi. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi ile faili likiwa wazi, na Excel ikikatwa ghafla huacha pembeni faili dogo lililofichwa ambalo jina lake linaanza na ~$, kama mtu aliyeacha koti kwenye kiti kuonyesha nafasi ina mwenyewe. Anzisha kompyuta upya kwanza. Likibaki, lifute hilo dogo, si faili lako! Kama bado, ndipo ile alama ya kusoma tu inapohusika kwelikweli, kwenye faili lenyewe: bofya kulia, "Properties", ondoa tiki. Na noti ulizotumiwa kwa barua pepe zikifunguka na utepe wa njano juu, hilo si tatizo la ruhusa, Word inazihofia kwa sababu zimetoka mtandaoni. Kama unamwamini aliyekutumia, bonyeza "Enable Editing" uendelee.

Flashi ni habari nyingine. Kila mwanachuo aliyewahi kuchapisha steshenari anaijua ile hali ya kurudi hosteli, unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato. Folda zako zipo, kirusi kimezificha kwa kuziwekea alama za kufichwa na za mfumo, kikaweka vivuli vyake mbele. Usibofye vile vivuli, ndivyo vinavyokiamsha. Pitisha antivirusi kwanza, halafu kwenye Command Prompt, kama flashi yako ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zikirudi, nakili kazi zako, futa njia za mkato. Usihangaike na takeown hapo: flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 au exFAT, mifumo ambayo haina umiliki wala orodha za ruhusa. Flashi ikisema imezuiwa kuandikwa, na ni kadi ya memori ndani ya adapta, tazama kile kiswichi kidogo ubavuni kabla hujalaumu mtu. Kama ni flashi ya kawaida iliyoanza kukataa kuandika yenyewe baada ya miaka ya kazi, mara nyingi ndiyo inakuaga: chipu ikichakaa, flashi nyingi hujifunga zikabaki za kusoma tu. Shukuru bado inasomeka, toa vitu vyako siku hiyohiyo. Kuna watu watakuelekeza diskpart, na kweli ina amri ya kuondoa zuio, ila iko jirani sana na amri nyingine inaitwa clean ambayo inafuta diski yote bila kukuuliza mara mbili. Usiku wa kuamkia kukabidhi tafiti si wakati wa kujifunza diskpart.

Kitu kimoja kiliniudhi kuliko vyote. Ule ujumbe uliomtokea mjomba ulikuwa unasema ukweli mtupu: huna ruhusa ya kuingia folda hii, nenda kwenye kichupo cha usalama. Jibu lilikuwa kwenye skrini. Lakini mtu anayepiga hesabu za kilo za pamba kijiji kizima bila kukosea alilazimika kumtegemea fundi kwa sababu ya lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Windows yenyewe imewahi kuwa na Kiswahili cha kupakua. Wangapi kati yetu wanaosomea ualimu wamewahi hata kukifungua, tuone kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakielewa? Mimi mwenyewe sikuwahi hadi siku hiyo.

Jumamosi mjomba alikwenda mkutanoni na orodha iliyochapishwa kurasa kumi na nne. Nilikuwa nimemwekea nakala kwenye flashi mbili, moja akampa mweka hazina. Jioni alirudi ameshiba wali wa mkutano, akakaa, akaniambia, "Sasa mjomba, ile folda nifungie tena, watoto wasiingie." Nikamwambia afungue akaunti ya watoto, yake aiwekee nywila. Akaniuliza nywila ni nini. Tukaanza upya.