Kuku Aliyekaa Muda Mrefu katika Friza

Nyama ya kuku iliyogandishwa ikiwa bado nzuri, kisha ikahifadhiwa katika baridi ya nyuzi 18 za selsiasi chini ya sifuri bila kukatizwa, haigeuki kuwa hatari kwa sababu ya wingi wa miezi, hata ikipita mwaka. Katika baridi hiyo bakteria, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo baadhi yao huleta magonjwa, hushindwa kuzaana. Kinachopungua ni ubora: maji huitoka nyama polepole, mabaka makavu ya kijivu hujitokeza na ladha hufifia, ndiyo maana hushauriwa kuku mzima aliwe ndani ya mwaka mmoja na vipande ndani ya miezi 9. Kichumba cha barafu cha friji ya mlango mmoja ni jambo jingine, kwani mara nyingi hakifikii baridi hiyo na hufaa kwa siku chache tu.

Hata hivyo, baridi huwazuia bakteria bila kuwamaliza. Salmonela na kampilobakta, ambao hupatikana mara kwa mara katika kuku mbichi na husababisha homa, kuhara na msokoto wa tumbo, wanaweza kubaki hai ndani ya barafu na kuanza tena kuathiri nyama inapopata joto. Kwa kaya ya mji wa Voi nchini Kenya, basi, swali zito si kuku amekaa miezi mingapi, bali ni saa ngapi amekaa nje ya baridi. Chakula kibichi cha aina hii hakifai kuachwa nje kwa zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, jambo la kawaida katika tambarare za Voi na Taveta kuliko Wundanyi milimani, muda huo hushuka hadi saa moja. Anayesafirisha kuku kwa matatu kupitia Mwatate anahitaji kasha lenye barafu.

Stima nayo hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na baadhi ya maeneo yalikaa gizani kwa saa nyingi. Friza iliyojaa hulinda baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Kwa kuwa stima inaweza kupotea na kurudi wakati wenye nyumba hawapo, inafaa kuweka ndani kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu ya barafu: sarafu ikikutwa imezama chini, barafu iliyeyuka na kuganda upya, na kuku huyo atupwe hata kama hanuki. Kumchemsha kwa muda mrefu hakutoshi, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu. Kutupa kuku mzima kunauma, hasa katika kaya yenye kipato kidogo, lakini ugonjwa hugharimu zaidi.

Kosa linalotendeka sana ni kumwacha kuku kwenye karai tangu asubuhi ili ayeyuke. Njia salama ni kumweka ndani ya friji, takriban siku nzima kwa kila kilo mbili, juu ya sahani inayozuia majimaji yake kudondokea vyakula vingine. Maji ya tangi lililopigwa na jua hayafai kumyeyushia, kwa kuwa huwa ya uvuguvugu. Asiye na nafasi anaweza kutia vipande sufuriani vikiwa bado na barafu na kuongeza nusu ya muda wa kawaida wa kupika, mpaka sehemu nene ya nyama ifikie nyuzi 74. Weusi unaoonekana karibu na mfupa wa kuku mchanga aliyegandishwa hutokana na uboho, wala si dalili ya kuoza.

Mtoto mdogo, mjamzito au mzee anayehara baada ya kula kuku, na yeyote anayehara damu, apewe maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini na afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu au katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi.