Mtoto Aliyepitishwa Muda wa Viza: Kosa ni la Nani, na Njia ni Ipi?



Familia kadhaa katika parokia zetu zina ndugu Marekani, na baadhi yao walipelekwa huko wakiwa watoto. Mtoto aliingia ameshikwa mkono na mama yake, kwa viza halali ya matembezi. Siku za kukaa zikaisha, familia haikurudi. Leo mtoto huyo ni kijana mkubwa, hana kibali, na nchi anayoijua ni hiyo moja. Huku nyumbani tunamlaumu: mbona haji hata kuzika? Katika somo hili tuulize mambo mawili: kosa ni la nani, na sheria inamwachia njia gani.

1. Tendo na mtendaji

Katika falsafa ya maadili tunajifunza kwamba tendo huhesabiwa kwa mtu pale anapolijua na kulitaka. Mtoto wa miaka sita hakujua tarehe ya mwisho, hakutia saini popote, wala hakuwa na nauli ya kurudi. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kwamba mwana habebi uovu wa baba yake.

Sheria ya Marekani nayo inakiri jambo hili kwa sehemu. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wasio na vibali wasinyimwe elimu ya bure katika shule za umma. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa tendo la mzazi. Vilevile, adhabu za kuzuiwa kurudi nchini, zilizowekwa mwaka 1996, hazihesabu siku ambazo mtu alikaa bila kibali kabla ya kutimiza miaka 18.

Hata hivyo, baada ya miaka 18 kijana anakuwa mtendaji mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inaweka wajibu pande zote mbili: mataifa yenye uwezo yampokee mgeni kadiri yanavyoweza, na mgeni atii sheria za nchi inayompokea. Kwa hiyo kijana huyu ana wajibu wa kutafuta njia halali, nasi tuna wajibu wa kuielewa.

2. Njia zilizopo

Jambo la kwanza ni namna alivyoingia. Viza humfikisha mtu mlangoni. Siku za kukaa huandikwa katika rekodi ya kuingia iitwayo I-94. Rekodi hiyo itunzwe, kwa kuwa inathibitisha kwamba mtoto aliingia kwa kukaguliwa.

Njia inayotumika sana ni ya familia. Mume au mke wa raia wa Marekani, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, na mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21, wanaweza kuomba ukaazi wa kudumu wakiwa humo humo nchini hata kama muda wao ulipita, mradi waliingia kwa kukaguliwa na hawana kizuizi kingine. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa kwa kawaida hana nafasi hiyo.

Njia ya pili, iliyowekwa mwaka 1990, ni ya mtoto aliyetelekezwa, aliyetupwa au kuteswa na mzazi. Mahakama ya jimbo hutoa kwanza uamuzi kuhusu hali yake, na ombi huwasilishwa kabla hajatimiza miaka 21.

Mpango wa DACA, ulioanza mwaka 2012, huahirisha kufukuzwa na kutoa kibali cha kazi kwa miaka miwili miwili, lakini hautoi ukaazi. Mwaka 2021 mahakama ilizuia maombi mapya yasiidhinishwe.

3. Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni safari. Aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 baada ya kutimiza miaka 18, kisha akatoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akiwa amekaa mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Ndiyo maana asiyekuja msibani si lazima awe amemsahau mama yake. Asitoke kabla hajamwona mwanasheria.

Wa pili ni ndoa ya karatasi. Kwetu ndoa ni agano, haifanyiwi biashara. Kwa sheria ya Marekani pia, aliyethibitika kufunga ndoa ya kughushi hufungiwa maombi ya kifamilia ya baadaye, hata kama ndoa ya pili ni ya kweli.

Wa tatu ni kujidai raia. Kijana anaweka alama ya «raia» katika fomu ya kazi ili aajiriwe, na alama hiyo moja inaweza kuifunga njia ambayo miaka yote ya kupitisha muda haikuifunga.

Tuongeze onyo kuhusu mawakala wa mitaani wanaouza ahadi. Ushauri utoke kwa mwanasheria au mwakilishi aliyeidhinishwa. Maaskofu wa Marekani walianzisha mtandao wa msaada huo, CLINIC, mwaka 1988. Parokia za huko zinaweza kuelekeza.

4. Sheria na haki

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza sheria kuwa agizo la akili kwa manufaa ya wote. Mtunga sheria hutazama yanayotokea mara nyingi. Ndiyo maana ipo fadhila ya epikeia, yaani kutafuta haki aliyoikusudia pale maneno yanapopungukiwa. Aliyekabidhiwa upanga aurudishe. Lakini mwenyewe akija amerukwa na akili, kuurudisha ni vibaya.

Marekani ina kifungu chenye roho hiyo: aliyeingia kabla ya Januari 1, 1972 na kuishi humo mfululizo kwa tabia njema anaweza kuomba ukaazi. Tarehe hiyo haijasogezwa tangu mwaka 1986. Aliyeletwa mtoto mwaka 2005 haguswi nayo, ingawa sababu ni ile ile. Kuisogeza ni kazi ya Bunge lao, na Wakristo wa huko wana haki ya kuliomba. Epikeia haimruhusu mtu kughushi. Inamtaka asimame na ukweli wake, nasi tusimame naye.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Tunapomlaumu ndugu asiyerudi, tunajua hali yake ya kisheria?
2. Je, tumewahi kumshauri mtu aongope ili apate kibali?
3. Mgeni aliyelelewa kwetu bila hati, tunamwonaje?