Usiulaumu Mwili, Iulize Kamera

Picha imetoka. Jicho limekimbilia kitambi, kidole kimekimbilia kufuta. Ngoja kwanza! Mengi unayoyachukia pichani ni ya lenzi na mwanga. Hayo yanarekebishika. Yaliyobaki ni yako, nayo hayana kosa.

1. Sogeza simu mbali. Selfi ya karibu hukuza kilichotangulia, na usoni kinachotangulia ni pua. Mpe mwenzio akupige akiwa hatua mbili tatu kutoka ulipo.

2. Likimbie jua la saa sita. Linatia giza machoni na chini ya kidevu. Simama mlangoni kivulini, uso uangalie nje, au subiri saa kumi na moja jioni.

3. Gusa uso kwenye kioo cha simu. Ukuta mweupe nyuma yako huidanganya kamera ikapunguza mwanga, nawe ukatoka kiza. Mambo haya yana historia: kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi, maarufu kama Shirley, zilikuwa na picha za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikasahaulika. Kwa hiyo ongeza mwanga, krimu ya kujichubua iache dukani.

4. Zima urembeshaji. Simu nyingi hulainisha ngozi bila kukuuliza. Michirizi ya uzazi, kovu la utotoni, chunusi za mwezi huu: amua mwenyewe kipi kionekane.

5. Vaa kinachokutosha leo. Gauni la "nikipungua" libaki kabatini. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwawekea wateja saa, redio, hata Vespa, ili kila mtu atoke na fahari yake. Nawe beba chako: kilemba, baibui unayoipenda, jezi ya timu yako.

6. Patana na mpiga picha mapema. Mwambie kabla hajafungua kompyuta: "Kaka, kiuno usinipunguzie, rangi usinibadilishie." Bei ni ile ile.

7. Usifute siku hiyo hiyo. Umezoea sura ya kwenye kioo, ambayo kulia na kushoto vimebadilishana. Ndiyo maana picha hukushtua. Iache wiki nzima, kisha itazame upya.

8. Kasafishe moja, kubwa. Itundike sebuleni, kando ya harusi ya wazazi na mahafali ya watoto. Mgeni akiuliza nani kakupiga, mpe namba ya fundi.