Bumu, Simu ya Nyumbani na Bei ya Ulemavu

Simu ya nyumbani ikianza na "mwanangu, huku mambo si mazuri," mwanachuo yeyote moyo humwenda mbio. Mwenye ulemavu ana jambo la ziada la kuwazia. Mwenzake akikosa nauli atatembea. Yeye wa kiti mwendo atabaki hosteli. Mwenzake akikosa hela ya kopi ataazima daftari. Asiyeona, daftari la mwandiko wa mkono atalifanyia nini? Kumwambia mtu huyu "bana matumizi" ni kumwacha pale pale. Vidokezo hivi ni vya mwanachuo wa Tanzania anayeishi kwa bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, na kidogo kinachotoka nyumbani, hasa pale hicho kidogo kinapokatika.

1. Andika bei ya ulemavu wako

Kwa mwezi mmoja, andika kila shilingi unayolipa wewe ambayo jirani yako wa chumba hailipi. Bajaji ya kwenda darasani kwa sababu njia ya mkato ina ngazi. Betri za shimesikio. Kopi za maandishi makubwa. Soda ya yule aliyekusindikiza benki. Jumlisha. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Ukishajua ni kiasi gani cha hiyo elfu kumi kinaliwa na ulemavu kabla hujagusa ubwabwa wa mama lishe, una cha kumjibu baba mdogo anayeuliza bumu lote limeishia wapi. Tunza karatasi hiyo, utaihitaji tena hapo chini.

2. Tuma kidogo, tuma kwa tarehe

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Bumu huja kwa mkupuo, la siku 60 kwa pamoja. Nyumbani hawaoni elfu kumi ya leo na ya kesho. Wanaona laki sita mkononi mwa mtoto ambaye mtaa mzima ulisema hatafika popote. Paa linavuja, mdogo wako karudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya sare, bibi anaumwa, na hakuna hata moja la uongo.

Kuna mtego mwingine pia, wa ndani. Aliyekua akisikia kwamba ni mzigo hupata hamu kubwa ya kuonyesha kuwa na yeye anabeba. Basi anatuma laki mbili, anapigiwa vigelegele, na wiki ya sita anakunywa uji bila sukari. Mimi naona fahari hiyo ina gharama kubwa mno. Panga kiasi unachoweza kutuma bila kugusa bei ya ulemavu uliyoiandika, kisha ukiseme mapema: "Mama, bumu likitoka nitatuma elfu thelathini, na ya kutolea imo humo humo." Kiasi kidogo chenye tarehe humsaidia mama kupanga kuliko ahadi kubwa isiyojulikana itafika lini. Akiomba zaidi, mwambie huna. Usimwambie "nitaangalia", maana hapo atasubiri.

3. Mikopo ya kwenye simu, hapana

Kausha damu wa mtaani, yule mkopeshaji wa riba kubwa, angalau unamjua sura. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu zinazokopesha mtandaoni bila leseni, na nyingi zina tabia ya kupigia namba zote ulizohifadhi. Mhadhiri wako hahitaji kujua deni lako kwa njia hiyo.

4. Wahi kwa mshauri wa wanafunzi

Usingoje hadi jina lako libandikwe kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Nenda na ile karatasi ya kidokezo cha kwanza, na useme unataka nini: kulipa ada kwa awamu, au kuongezewa muda. Omba pia chumba cha chini karibu na madarasa. Watu hukiona chumba hicho kama upendeleo tu, kumbe ni fedha: kinafuta nauli ya bajaji ya muhula mzima. Ukihitaji kukumbushia kwamba huombi sadaka, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ila anza na karatasi. Sheria iweke akiba.

5. Usinunue kinachotolewa bure

NVDA, programu ya kusoma kioo cha kompyuta, hailipiwi, na sauti yake inasoma hata Kiswahili. Simu nyingi za Android zina TalkBack tayari. Mwenye ualbino aulizie kliniki kuhusu losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

6. Anayekusaidia naye apate kitu

Rafiki anayekusukuma kila siku bure atachoka, na hatakwambia. Kama huna hela, mfundishe takwimu.

7. Nyumbani nako kuna milango

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Ni mtaji wa cherehani, kuku au genge, na hurejeshwa, kwa hiyo mzazi asiichukue kulipia ada. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na kama kaya yenu imo TASAF, tunza namba ya kaya. Inatajwa kwenye maombi ya mkopo wa chuo.

8. Umepangiwa pungufu? Kata rufaa

Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kupanga mikopo. Baba akifariki, cheti cha kifo kihakikiwe na RITA. Wengi hawajui kwamba ulemavu wa mzazi nao unahesabika, si wako tu. Kumbuka utadaiwa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi, kwa hiyo omba unachohitaji. Na fomu ya kuthibitisha ulemavu husainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, siyo daktari yeyote uliyemkuta zamu. Ipeleke ikasainiwe kabla dirisha halijafunguliwa.