Mkanda wa Jeshi: Usiyapime Maumivu Yako kwa Kipimo cha Jirani

Shangazi yangu alipougua mkanda wa jeshi, alilala miezi kadhaa akiwa na ungo kitandani. Aliuegemeza ubavuni, upande wa kulia, ili shuka likae juu ya ungo na lisiguse ngozi. Khanga ambayo wewe na mimi tunajitanda bila kuhisi uzito wake, kwake ilikuwa kama pasi ya moto. Mwaka huohuo kijana wa jirani, mwenye miaka kama 25, alipata ugonjwa huohuo, ubavu uleule. Akajikuna siku tano, kazini akaenda kama kawaida, malengelenge yakakauka, basi. Watu waliokuja kumjulia hali shangazi walikuwa na neno moja: "Mbona mwenzako anatembea?"

Neno hilo lilimnyamazisha. Alipoulizwa na daktari alijibu kwamba panauma kidogo tu, akarudi nyumbani na paracetamol, na ungo ukabaki kitandani. Makala haya nayaandika kwa ajili ya kila mgonjwa aliyeambiwa neno lile, na kwa ajili ya wanaolisema bila kukusudia ubaya.

Tuanze na kinachotokea mwilini, maana ndicho kinachoeleza tofauti hizi. Ukiugua tetekuwanga ukapona, virusi vyake havitoki mwilini. Vinajificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo na kwenye neva za kichwani, na vinaweza kukaa kimya miaka 20, 40 hata 60. Kinga ikilegea, kwa uzee, kwa VVU, kwa saratani na dawa zake, au kwa kutumia muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, vinaamka na kufuata neva moja hadi kwenye kipande cha ngozi ambacho neva hiyo inakihudumia. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja wa mwili na kukomea katikati, kana kwamba mkanda umekatwa kwa mkasi.

Sasa angalia: maumivu makali hayatoki kwenye malengelenge. Yanatoka kwenye neva iliyovimba na kujeruhiwa, na jeraha la neva halionekani kwa macho. Mtu anaweza kuwa na vipele sita tu na asipate lepe la usingizi, na mwingine ubavu mzima umechafuka naye analalamikia mwasho. Wapo hata wachache wanaoumwa bila upele wowote kutokea. Ukimtazama mgonjwa ngozi yake peke yake, hujajua anaumwa kiasi gani.

Jambo linalotofautisha zaidi ni umri. Watoto na vijana wengi hupita na mwasho au kuungua kidogo. Kuanzia miaka 50 kwenda juu maumivu huwa makali zaidi, na uwezekano wa kubaki nayo baada ya ngozi kupona huongezeka kadiri miaka inavyosogea. Wanaofuata ni wale walioumwa sana kabla vipele havijatoka, waliopata vipele vingi sana, na walioshikwa sehemu ya jicho. Kijana wa jirani hakuwa shujaa kuliko shangazi. Neva zake zilikuwa na miaka 25, za shangazi zilikuwa na 68.

Kabla ya vipele kuna siku moja hadi tano za maumivu matupu, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Ubavuni watu hudhani ni kichomi au figo, tumboni wakadhani ni kidole tumbo, usoni wakang'oa jino zima. Maumivu ya kifua usijiambie kwamba ni mkanda. Nenda hospitali upimwe moyo kwanza. Lakini ukiwa na maumivu ya upande mmoja yasiyoeleweka, chunguza ngozi asubuhi na jioni, na mgongoni omba mtu akutazamie. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu kama kwenye picha za vitabuni. Pitisha ncha za vidole: utahisi vijipele vilivyokusanyika pamoja kama punje, na mahali pale ngozi huwa imeiva rangi kuliko kando yake. Msimu wa mvua wengi huchanganya na kuungua kwa yule mdudu mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi anayefuata taa usiku. Mdudu huyo ukimponda kwenye ngozi huacha mchirizi popote alipopondwa, bila kujali katikati ya mwili. Mkanda unafuata njia ya neva.

Ukishaona vipele, hesabu saa. Dawa ya kupambana na virusi hivi hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu kipele cha kwanza kutokea. Zikipita, nenda tu, hasa kama vipele vipya bado vinatoka, kama una zaidi ya miaka 50 au kama kinga yako ni dhaifu. Daktari anaweza bado kuona inafaa. Inayopatikana zaidi kwetu ni aciclovir, na kipimo chake cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 au zaidi. Kama vidonge ni vya miligramu 200, hiyo ni vidonge 4 kila mara, 20 kwa siku, 140 kwa siku 7. Mgonjwa akiona mfuko ule hushtuka, akafikiri mfamasia amekosea, akaanza kumeza kimoja kimoja. Usipunguze kwa kukisia. Mwambie daktari mapema kama una matatizo ya figo, maana hapo yeye ndiye atakayepunguza, na unywe maji ya kutosha siku zote za dozi. Valaciclovir humezwa mara 3 tu kwa siku, kwa hiyo ikiwa uwezo upo, iulizie. Na ile tyubu ndogo ya krimu ya aciclovir inayouzwa duka la dawa haitoshi kwa mkanda wa jeshi. Virusi viko ndani ya neva, krimu inaishia juu.

Dawa hizo hufupisha ugonjwa. Maumivu yana matibabu yake peke yake, na hapa ndipo mdomo wa mgonjwa unapofanya kazi kubwa kuliko kipimo chochote cha maabara. Kiswahili kimetujalia maneno mengi ya maumivu, na kila moja linampa daktari habari tofauti. Je, panawaka kama pilipili? Panachoma kama sindano? Panapwita kama jipu? Panapiga shoti ya umeme, inakuja na kukata? Panawasha? Pamekufa ganzi lakini bado panauma? Kuwaka, shoti, na kuumia kwa kuguswa na kitu kisichoumiza ni lugha ya neva, na maumivu ya neva mara nyingi hayasikii paracetamol. Ukisema tu kwamba panauma, utapewa dawa ya kuuma.

Fanya na jaribio hili nyumbani. Chukua pindo la khanga laini, lipitishe taratibu kwenye ngozi nzima karibu na vipele, kisha lipitishe mahali palepale upande wa pili wa mwili. Kama upande mmoja ni mguso na upande wa pili ni moto, mweleze daktari hivyohivyo ulivyohisi. Ukiulizwa maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, yalinganishe na jambo ulilowahi kulipitia wewe: uchungu wa kuzaa, jino lililooza, mkono uliovunjika. Kisha ongeza yamekuzuia nini. "Sijavaa sidiria siku nne." "Nikiegemea kiti cha daladala naona giza." "Naamka saa nane usiku, silali tena." Sentensi kama hizo haziachi nafasi ya kubishana na namba. Ziandike kwenye daftari jioni, siku kwa siku, kwa sababu siku ya kliniki watu husahau, na wazee wetu wakivaa nguo za kutokea hujikaza. Ukimsindikiza mzazi, nenda na daftari lake.

Kwa maumivu ya neva daktari anaweza kuandika amitriptyline kwa kipimo kidogo usiku, mara nyingi kuanzia miligramu 10 au 25, au gabapentin inayopandishwa polepole. Amitriptyline inajulikana kama dawa ya msongo wa mawazo, na nimeona mgonjwa akiitupa baada ya kusikia hivyo, akidhani daktari amemwona anajifanya. La hasha, dawa hiyo hutuliza neva pia. Haifanyi kazi usiku wa kwanza, ipe wiki chache. Inaleta usingizi na ukavu wa mdomo, na mzee anaweza kupepesuka akiamka kwenda msalani, basi muachie taa na njia iliyo wazi. Diclofenac, ambayo kwetu imekuwa kama peremende, ina hatari kwa wenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu na presha. Usiitumie wiki nzima kwa kujiandikia mwenyewe.

Nyumbani, ngozi iwe safi na kavu. Oga kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Kitambaa cha maji baridi dakika chache kinatuliza. Barafu tupu inaunguza. Vaa dera au shati pana la pamba, na khanga iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko mpya yenye wanga. Wengine, kama shangazi, hawawezi kuguswa kabisa, na wengine hupata nafuu mahali pakibanwa kidogo kwa kitambaa kilichokaza. Jaribu vyote viwili, ufuate mwili wako. Majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno na majani yaliyotwangwa viache. Vinaingiza uchafu kwenye kidonda kilicho wazi, na usaha ukiingia, maumivu yanakuwa mawili.

Yapo mazingira matatu ambayo hayasubiri foleni ya kesho. La kwanza ni vipele vya paji la uso, kope, na hasa ncha ya pua. Neva ya ncha ya pua ni tawi la neva inayoingia jichoni, na jicho linaweza kupotea. La pili ni vipele vya sikio pamoja na uso kupinda au kizunguzungu. La tatu ni vipele kusambaa mwili mzima, au homa kali na kuchanganyikiwa. Wako wanaoamini kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mgonjwa hufa. Hofu hiyo tuiache. Upele kuvuka pande zote mbili ni nadra, na ukitokea huenda kinga imelegea sana, hivyo mgonjwa atibiwe haraka.

Kuhusu VVU niseme wazi, maana aibu hii imewaficha watu ndani hadi saa 72 zikapita. Ni kweli kwamba mkanda wa jeshi huwapata zaidi wanaoishi na VVU, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye hatua ya pili ya dalili zake. Kwa hiyo kupima ni busara, hasa kwa kijana. Lakini wengi wanaoupata hawana VVU kabisa. Wana umri, uchovu wa mwili, au kisukari. Na kama tayari unatumia dawa za kufubaza virusi na mkanda ukatokea miezi ya mwanzo, usiziache. Inatokea wakati kinga inapoamka, na kliniki yako inajua la kufanya.

Mgonjwa hamwambukizi mtu mkanda. Anachoweza kumpa ni tetekuwanga, kwa majimaji ya malengelenge, tena kwa yule tu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Funika vipele, nawa mikono, na hadi vyote vitoe magaga kaa mbali na mjamzito ambaye hajapata tetekuwanga, kichanga, na mtu mwenye kinga dhaifu. Wengine wakaribie, wakae naye, wamlishe.

Ngozi hupona kwa wiki 2 hadi 4. Maumivu yakiendelea kupita miezi mitatu huo ni ugonjwa wa neva unaojitegemea, unatibika, na mgonjwa ana haki ya kurudi hospitali ingawa hana cha kuonyesha zaidi ya makovu. Shangazi alirudi mwezi wa tano, safari hii na daftari, akasoma mwenyewe. Akapewa dawa ya usiku. Ungo ulirudi jikoni mwezi wa saba. Chanjo ya kuzuia mkanda ipo, dozi 2 zinazopishana miezi 2 hadi 6, na Marekani inapendekezwa kuanzia miaka 50. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za Tanzania, ila mwenye mzazi anayeishi ughaibuni amkumbushe kuiulizia huko aliko.

Na wewe unayekwenda kumjulia hali mgonjwa wa mkanda, muulize panauma vipi, kisha msikilize hadi amalize. Kama vipele vimeanza leo asubuhi, mpeleke hospitali leo hii.