Vitafunio vya protini kutoka jikoni kwako

*Swali: Mwanangu wa miaka 9 hurudi kutoka shule na njaa kali, anakula biskuti, na baada ya muda mfupi anadai tena. Nataka kumtengenezea vitafunio vyenye protini, ila unga wa protini wa dukani ni ghali. Nifanyeje? – Mama J., Morogoro*

Jibu: Mama J., mtoto wako hahitaji unga huo. Biskuti ni sukari na ngano iliyokobolewa. Huyeyuka upesi tumboni, njaa ikarudi. Protini hushibisha kwa muda mrefu na kujenga mwili. Yai moja lina takribani gramu 6, na konzi ya karanga gramu 7 hivi.

Tengeneza kashata isiyoongezwa sukari: kaanga bila mafuta vikombe 2 vya karanga na nusu kikombe cha ufuta. Twanga kidogo, changanya na kikombe cha tende zilizopondwa, shindilia kwenye sinia, kisha kata vipande. Siku nyingine mpe yai la kuchemsha au bajia za kunde.

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupe. Huenda zina sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, asije akapaliwa.

Mwanao akivimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitali. Njaa ikiambatana na kukonda, kiu kali na kukojoa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo apimwe sukari.